Sistimu Isiyo na Katoni

Baba alikuja nayo Ijumaa jioni, ikiwa imefungwa ndani ya shuka la kitanda. Pikapu ya chuo cha wakulima ilisimama kwenye lango letu, pale Kitale, naye akaibeba mwenyewe kifuani kama mtu anayebeba mgonjwa, akimkataza dereva asiiguse. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Agosti, mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kwa utoto wangu wote muziki wa nyumba yetu ulikuwa umetoka katika redio ndogo iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kweli, kwa muda ule wa kufungua fundo la shuka.

Ilikuwa sistimu nyeusi yenye nafasi ya CD tatu, deki mbili za kaseti, na kioo ambacho stima ilipopita kiliwasha vijiti vya buluu na kijani vilivyopanda na kushuka kwa kufuata sauti. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni akijifuta mikono. Hakuitazama mashine. Alilitazama shuka, ambalo lilikuwa na maua ya zambarau na ukingo ulioshonwa kwa mkono, na ambalo halikuwa letu.

"Na katoni?" aliuliza.

"Katoni ilibaki."

"Ilibaki wapi?"

"Huko Bungoma. Ingejaza gari."

"Pikapu nzima ikakosa nafasi ya katoni."

Baba alicheka peke yake, kisha akainama nyuma ya mashine na kuanza kuunganisha nyaya za spika, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Mtu ambaye hakukulia mtaa wetu huenda asione uzito wa swali lile. Kila nyumba yenye televisheni au pasi ya umeme ilihifadhi katoni yake juu ya kabati la nguo, ikiwa imefungwa kwa kamba, na stika za kiwandani ziliachwa usoni mwa kifaa hadi zichakae zenyewe. Katoni ilishuhudia kwamba kitu kimenunuliwa dukani na kwamba wenye nyumba hawana la kuficha. Mashine yetu haikuwa na katoni wala stika. Mahali pa stika palikuwa na alama ya gundi yenye umbo la mstatili, iliyoshika vumbi la nyumba nyingine.

Baba alikuwa ofisa wa kilimo. Alifundisha wakulima pale Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, akilala huko siku za kazi katika chumba cha wafanyakazi na kurudi kwetu mwisho wa wiki. Maisha yetu yalipangwa kwa kufuata Ijumaa zake. Babu yangu ndiye aliyehama kutoka mkoa wa Kati akanunua shamba Trans Nzoia, na watu wa ukoo wetu walikuwa na tabia ya kuishi kama wageni waliokaa muda mrefu: kwa adabu, kwa tahadhari, bila kuuliza maswali mengi kwa jirani. Bungoma ilikuwa mahali pa kazi ya Baba tu. Hatukuwa tumewahi kuona alipolala.

Jumapili, baada ya ibada, majirani walikuja kuisikiliza. Baba aliwaongoza kama mtu anayeonyesha shamba la mfano, akizungusha kitufe cha besi mpaka vikombe vikatetema mezani.

"Hii ni ya Nairobi ama ya nje?" jirani mmoja aliuliza.

"Ni ya mtu namjua," Baba alijibu, na kwa kuwa jibu halikulingana na swali, jirani alitikisa kichwa kwa heshima na kurudia chai yake.

Mama alicheka na wageni, akawamiminia, akawasindikiza. Lakini asubuhi ya siku ile kabla ya kanisa alikuwa amelifua lile shuka la maua na kulianika kwenye kamba ya mbele, mahali ambapo kwa kawaida hatuaniki kitu, ili kila atakayeingia au kutoka alipite. Baba alilipita mara kadhaa.

Jumatatu alfajiri aliondoka na waya wa stima wa sistimu ndani ya mkoba wake. Wazazi wengi wa mtaa wetu walifanya hivyo. Waliufungia waya kabatini au kwenda nao kazini ili watoto wasiunguze mashine, na wakirudi jioni waliweka kiganja mgongoni mwake kupima joto. Ila waya wa Baba haukuachwa hata kwa Mama. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Mtu huwaficha watoto mashine kwa kuogopa itaharibika. Anamficha mkewe nini?

Siku iliyofuata nilivua waya wa redio yetu ya zamani nikaujaribu nyuma ya sistimu. Uliingia bila kusita. Vijiti vya buluu vilipanda, na ndani ya deki ya pili nikaona kaseti isiyo na jalada wala maandishi. Nilidhani ni mahubiri. Nikabonyeza.

Sauti ya mwanamke ilijaa sebuleni kwetu. Aliimba alto ya wimbo wa kanisani, alto peke yake, bila soprano ya kuiegemea wala besi chini yake. Mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya anajua maana yake: mwenye sikio zuri hurekodi sehemu yake kwenye kaseti, na wenzake huipeleka nyumbani kujifunza. Aliimba mstari, akakosea, akacheka, akarudia. Nyuma yake sufuria iligonga, kuku akalalamika. Kisha mtoto akapaza sauti kutoka nje.

"Mama! Mama! Baba ameludi!"

"Ngoja nizime," mwanamke alisema, kwa furaha ambayo hata mashine haikuweza kuipunguza. Mlango ukalia. Kaseti ikanyamaza.

Ameludi. Ulimi ule, unaoweka l mahali pa r, ulikuwa wa Bungoma. Nilikaa sakafuni nikayapanga niliyoyajua: shuka, katoni, waya, na sasa mtoto anayemkimbilia baba mlangoni. Shuleni nilikuwa nimesimama mbele ya umoja wa Wakristo na kuwaambia wenzangu kwamba ukweli lazima usemwe hata ukibomoa nyumba. Sikuwa nimewaza juu ya nyumba hii, yenye vitambaa vya kufuma ambavyo Mama alikuwa ameanza kuvipima juu ya spika.

"Rudisha nyuma," sauti ya Mama ilisema. "Ilipoanza."

Alikuwa amesimama nyuma yangu na kopo la maji.

"Mama, ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapa jana. Unafikiri ni wewe peke yako unajua huo waya unaingia?"

Nilirudisha nyuma. Tuliisikiliza pamoja hadi mwisho, yeye kwenye kiti cha Baba, mimi sakafuni.

"Ana sauti nzuri," Mama alisema. Kisha akauliza, "Huyo mtoto, unaweza kumpa miaka mingapi?"

"Sita. Labda saba."

Baba alihamishiwa Mabanga nilipokuwa darasa la pili, miaka tisa nyuma. Mama hakulitaja hilo, wala mimi.

"Kesho tunaenda huko Mabanga," alisema. "Vaa ile sketi ndefu."

"Kufanya nini, Mama?"

"Kurudisha ile shiti ya maua. Kitu ya watu inarudishwa ikiwa safi. Hatuendi kugombana na mtu. Tutasema asante, halafu tutaona nani ataipokea."

Tulimkuta Baba katika shamba la mafunzo, amezungukwa na wakulima, udongo kiganjani, akieleza kwa nini mahindi ya mtu yanaweza kuwa ya manjano ingawa mvua imenyesha. Alipotuona alidondosha ule udongo.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Wewe ndiye utatuambia," Mama alijibu, na kumwonyesha mfuko wenye lile shuka. "Tumeleta kitu ya wenyewe. Tuonyeshe mlango."

Wakulima walitutazama kwa udadisi wa watu waliopata somo la pili bila kulipia. Baba aliwaomba wapumzike, akatuvuta kando ya stoo ya mbegu. Hapo, kwa sauti ya chini, alisema kwamba sistimu ilikuwa ya karani wa stoo hiyo hiyo, mtu aliyefanya kazi naye, ambaye aliugua na kufariki kabla ya likizo. Nduguye marehemu ndiye aliyemuuzia.

"Nilijua ukisikia ni ya marehemu hutaiweka ndani."

"Na bibi yake?" Mama aliuliza.

"Bibi yake nini?"

"Anaimba?"

"Aimbe? Mama watoto, unaongea nini?"

Mshangao wake ulionekana wa kweli. Lakini nilikuwa nimeanza kujua kwamba uso wa Baba ulikuwa na mshangao wa kila aina, na sikuwa tena na uhakika ni upi ulikuwa wake. Nadhani Mama aliwaza vivyo hivyo.

"Tupeleke huko," alisema.

"Huko bado ni matanga."

"Matanga ndiyo watu huenda bila kualikwa."

Boma halikuwa mbali. Nguzo za turubai zilikuwa bado zimesimama uani, na wanawake wachache walikuwa wakichambua mboga kando ya jiko la nje. Tulipoingia, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani aliinuka kutupokea. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mfanyabiashara wa mitumba, na sauti yake ilitosha soko zima. Mama alimsalimu, akampa pole, kisha akalitoa shuka mfukoni. Mikono ya wanawake wote ilisimama juu ya mboga.

"Hii shiti si ni ya hapa?" dada mkubwa aliuliza.

"Ni yangu." Aliyejibu alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani, mwembamba, nywele zake hazijatunzwa, msichana mdogo akimwegemea pajani. "Ndiyo nilifungia ledio, vumbi ya balabala isiingie. Niliambiwa inaenda kwa fundi."

Niliijua sauti ile kabla hajamaliza neno la kwanza. Ilikuwa imeshuka, haina kicheko, lakini ilikuwa ileile. Nikamtazama msichana, nikaelewa ni baba gani aliyekuwa akirudi siku ile. Aibu na nafuu viliniingia kwa pamoja. Mama naye alielewa. Niliona mabega yake yakishuka. Alifungua mkoba wake akatoa kaseti, akapiga magoti kwenye mkeka na kuiweka mkononi mwa mjane.

"Ilikuwa ndani," alisema. "Pole sana, mama."

Mjane aliifunika kwa viganja vyote viwili. Lakini macho yake hayakuwa kwenye kaseti. Alimtazama Baba, akamtazama muda mrefu kuliko nilivyoona haja, naye Baba akaangalia nguzo za turubai.

Dada mkubwa alikuwa tayari anamwita nduguye, yule aliyeiuza sistimu. Hakuna aliyeitika. Mtu mmoja alisema amepita nyuma ya choo, anaelekea barabarani.

"Fundi!" dada mkubwa alisema. "Kumbe fundi anaishi Kitale." Kisha akamgeukia Baba. "Mwalimu, wewe umekaa na sisi miaka mingapi? Hata nywele hatujanyoa, na wewe umebeba vitu vya malehemu. Ulikuwa na halaka gani, bana?"

"Mimi sikujua."

"Hukujua amekufa? Ama ulijua mapema kuliko sisi?"

Hakuna aliyecheka. Nilikuja kuelezwa baadaye na mmoja wa wanawake wale kwamba kwao kitu cha marehemu hakitoki bomani mpaka siku ya kunyoa, ambapo wafiwa hunyolewa, na mbele ya watu wote kila aliye na kitu cha marehemu husimama akakitaja, na kila kitu hupewa mwenyewe. Familia hii ilikuwa imeiahirisha siku hiyo ikimngoja kaka yao anayefanya kazi mbali. Mtu anayetoa kitu kabla ya hapo huonekana kama aliyekuwa akikisubiri kifo. Baba alikuwa amekula ugali na watu hawa kwa miaka mingi na hakuwahi kuuliza. Wanawake wale sasa walimtazama kama sisi tulivyokuwa tumemwaza jana yake sebuleni, wakiyapanga waliyoyajua: mgeni, ofisa, rafiki wa marehemu, sistimu. Nilitambua jinsi hesabu ya namna ile inavyokubali jibu lolote. Mama alisogea akasimama karibu na Baba, bega kwa bega. Sikuwa nimetegemea hilo.

"Jumamosi ndiyo siku," dada mkubwa alisema. "Uilete wewe mwenyewe. Usimame, useme."

Tuliporudi chuoni Baba alitaka kuituma sistimu kupitia dereva.

"Nitawaandikia maneno mazuri, dereva ataifikisha. Yaishe."

"Ukiituma watasema uliiba, Baba," nilisema.

"Wewe hujui hawa watu. Nikisimama pale, kesho nani atakuja kusikiliza somo langu?"

"Si umewafundisha miaka hii yote?"

"Kufundisha mahindi na kujua watu ni vitu viwili." Alisema hivyo kwa uchovu, akakaa juu ya gunia la mbegu. Nilimwona, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayeweza kufukuzwa mahali. Jina lake lilikuwa ndilo kazi yake, na likichafuka Mabanga lingechafuka mpaka Kapsokwony, kwa kuwa wakulima wa huko mlimani walishuka kwake pia.

Jumamosi tulikwenda sote, sistimu ikiwa nyuma ya pikapu. Uani watu walikuwa wameketi kwa duara, mjane na watoto wake vichwa vyao vikiwa vimenyolewa, vikimeremeta. Mchungaji aliomba. Kisha dada mkubwa akaanza kuuliza nani ana kitu. Mzee mmoja alisimama akataja toroli. Kijana akataja baiskeli, akasema breki zake hazikuwa zimeharibikia kwake, na watu wakamzomea kwa upole. Mwingine akataja jembe la kukokotwa.

"Kuna mwingine?"

Baba alibaki ameketi. Niliyatazama magoti yake.

"Kuna mwingine?"

Nduguye marehemu alikuwa ng'ambo ya duara, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Mama alitazama mbele, hakumgusa Baba wala kumsukuma. Nilijua kwamba asiposimama nitakuwa na baba wa aina moja, na akisimama nitakuwa na wa aina nyingine, na kwamba mimi sina la kufanya.

Alisimama.

"Ndugu zangu, mimi ni mgeni kati yenu, na mgeni hufika pengine bila..."

"Taja kitu, Mwalimu. Ugeni tutakula nao baadaye," dada mkubwa alimkatiza, na duara zima likacheka.

"Nina sistimu ya marehemu," Baba alisema. "Niliinunua kabla ya siku hii. Nimeirudisha. Iko kwa gari."

"Nani alikuuzia?"

"Aliyeniuzia yuko hapa. Atasema mwenyewe."

Hatimaye nduguye marehemu alisimama, akasema ni yeye, akakaa upesi kana kwamba mchanga ungemwokoa. Ilikubaliwa kwamba mashine ni ya nyumba ya mjane, na kwamba mambo ya pesa kati ya wanaume wale wawili wayamalize wao. Vijana waliibeba ndani. Mzee wa toroli alimpa Baba mkono. Wengine hawakumpa. Mimi nilijaa fahari ambayo sikuweza kuificha. Nilitamani wote wa shule yetu wangekuwepo wamwone.

Tulikataa chakula kwa adabu tukatoka kuelekea pikapu. Mama alikuwa ametangulia. Kwenye lango alisimama akageuka.

"Baba watoto. Ile shiti, ni yule mama mjane alifunga. Alikupa wewe mkononi?"

Baba alisimama pia.

"Ndiyo."

"Sasa aliambiwa inaenda kwa fundi na nani?"

"Ndugu ya marehemu ndiye alimwambia. Alisema, huyu Mwalimu ataipeleka kwa fundi."

"Na wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Ukasema nini?"

Ng'ombe walikuwa wakipitishwa barabarani, na Baba alisubiri wapite wote ndipo ajibu.

"Nilimwambia nitaitunza."

Fahari yangu ilinitoka pale langoni, mara moja. Mjane alikuwa amejua, tangu tulipoleta shuka, kwamba Baba aliukubali uongo ule, na mbele ya duara zima alikuwa amenyamaza, akamwachia Baba nafasi ya kulisema mwenyewe. Hakulisema.

"Hujamaliza kusema," Mama alimwambia. "Rudi."

"Mbele ya watu wote tena?"

"Watu wameanza kula. Mwambie yeye."

Baba aliutazama uso wake, akautazama wangu, labda akitafuta ni nani kati yetu atakayemhurumia. Kisha akarudi uani, kofia mkononi. Tulimwona akipita kati ya walaji, akichuchumaa mbele ya mjane. Mjane aliweka sahani chini. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo, na kelele za watu zilimeza sauti yake. Mjane alisikiliza. Alisema neno moja au mawili, hakutabasamu, akainua tena sahani yake.

Baba alirudi taratibu.

"Umemwambia?" Mama aliuliza.

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

Mama alimtazama machoni kwa muda, jinsi mtu anavyotazama maji kabla ya kuvuka. Kisha akafungua mlango wa pikapu akapanda. Mimi nilibaki nimesimama kidogo, nikimtazama Baba, nikitafuta usoni mwake kitu cha kunithibitishia kwamba kweli alisema yote. Dereva aliwasha gari. Sikuwa nimekipata, nikapanda.